Hamburg ya Uani na Mpagazi Asiye na Jina



Wapo wageni wanaofika mji wa watu, wakazunguka madukani, wakapiga picha mbele ya kanisa kubwa, kisha wakarudi kwao wakijigamba kwamba mji wameuona. Nami nilikuwa nielekee huko huko nilipokwenda Hamburg, Ujerumani, kwa mafunzo ya wiki tatu ya watangazaji. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Tanga, aliyefika kule ujanani akiwa baharia na akaweka makazi. Nilikutana naye jioni moja nyumbani kwa Mtanzania mwenzetu aliyetualika chakula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaona nini tangu ufike?"

Nikamtajia bandari, ziwa la Alster na jumba la baraza la jiji. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Hiyo ni sebule," akaniambia. "Sebule hupambwa kwa ajili ya wageni. Ukitaka kuijua nyumba ya mtu, pita uani."

Basi jioni zangu zote zilizobaki, pamoja na Jumamosi na Jumapili, nikazitumia kupita uani. Hamburg ni jiji la watu wapatao milioni 1.9, lina wilaya 7 na mitaa 104. Sikuifika yote, wala robo yake. Lakini hiyo michache niliyoifika ilinifundisha mambo ambayo sikuyapata darasani, na jambo moja likanigusa mimi mwenyewe na ukoo wangu.

Tuanzie sebuleni, maana huwezi kufika uani bila kuvuka sebule. Hamburg haiko baharini kama Dar es Salaam. Iko kando ya mto Elbe, kiasi cha kilomita 100 kutoka bahari ya Kaskazini, na meli hupanda mto hadi mjini. Fahari ya bandari hiyo ni Speicherstadt, yaani mji wa maghala: safu za majumba ya matofali mekundu yaliyosimama juu ya nguzo majini, yaliyofunguliwa mwaka 1888. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO uliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii hupita kwa mashua, shingo zimepinda kwa kutazama juu.

Lakini msikilizaji, pale palikuwa na watu. Ili maghala yale yajengwe, nyumba za mitaa ya Kehrwieder na Wandrahm zilivunjwa, na watu wapatao 20,000 wakahamishwa. Wengi wao walikuwa vibarua wa bandarini na familia zao, ambao baada ya hapo walilazimika kutafuta pa kulala mbali na kazi. Sisi tuliokulia katika miji ya bomoabomoa hatuhitaji kuelezwa maana yake. Hivyo ndivyo viunga vya miji mingi vinavyoanza: mtu husogezwa ili mzigo upate mahali pa kukaa.

Na mizigo hiyo mingine ilitoka kwetu. Kabla serikali ya Ujerumani haijawaza kuwa na makoloni, wafanyabiashara wa Hamburg walikwisha kutufahamu. Kampuni ya O'Swald ilifungua ofisi Unguja mwaka 1849. Moja ya biashara zake za mwanzo ilikuwa kununua kauri, zile simbi zinazookotwa katika fukwe zetu, na kuzipeleka Afrika Magharibi ambako zilitumika kama fedha. Mtu wa pwani aliokota kauri mchangani asijue kwamba anaokota sarafu ya nchi nyingine. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ikaandikiana mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890, bendera ya Wajerumani ilipokwisha kupandishwa Bara, ikaundwa Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie, ikipewa ruzuku na serikali. Meli zake zilishuka na maofisa, bunduki na bidhaa za viwandani, zikapanda na katani, mpira, kopra na pembe za ndovu.

Ukitaka kuona alama ya biashara hiyo, nenda mtaa wa Große Reichenstraße, kwenye jumba la ofisi liitwalo Afrikahaus. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya kampuni ya Woermann, iliyofanya biashara zaidi na Afrika Magharibi. Mlangoni kuna shujaa Mwafrika wa shaba, na uani wamesimama ndovu. Ndovu wa sanamu, bila shaka. Wale wenye pembe za kweli walikwisha kuchangia kwa namna nyingine.

Sasa tutoke sebuleni. Nilipanda treni kuelekea kaskazini, hadi Ohlsdorf. Huko yako makaburi yaliyofunguliwa mwaka 1877, miongoni mwa makaburi makubwa kuliko yote duniani, karibu hekta 390. Ni makubwa kiasi kwamba basi la abiria linapita ndani yake na lina vituo. Nilikwenda kuzuru kaburi la mwenzetu mmoja: Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844. Alipendana na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akatoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa huko Aden na kuitwa Emily, wakaoana na kuhamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu ya farasi. Salme akabaki na watoto watatu wadogo, katika nchi ya baridi, mbali na ndugu zake. Mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Alifariki mwaka 1924 katika mji wa Jena, majivu yake yakaletwa Ohlsdorf. Inasimuliwa kwamba walizika naye mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote.

Kisa hiki hakina mwisho mwepesi. Mwaka 2019 uwanja mmoja mdogo katika mtaa wa Uhlenhorst ulipewa jina lake. Mjadala ukazuka, kwa sababu katika maandishi yake Salme aliutetea utumwa wa kwao, na baadaye jina likaondolewa. Nilisimama pale kaburini nikiwa na fikra mbili zinazogombana. Nilimhurumia mjane aliyetunza mchanga. Nikawakumbuka pia watumwa wa mashamba ya karafuu ambao hakuna aliyewatunzia hata mchanga. Nadhani mtu mzima hana budi kuzibeba fikra zote mbili.

Siku nyingine nilikwenda Stellingen, upande wa magharibi. Mtaa huu ulikuwa nje kabisa ya Hamburg, katika himaya ya Prussia, pale Carl Hagenbeck alipofungua bustani yake ya wanyama mwaka 1907. Bustani ile ilisifiwa duniani kote, kwa kuwa wanyama waliwekwa kwenye viwanja vilivyozungukwa na mahandaki badala ya vizimba vya chuma. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba Hagenbeck, tangu mwaka 1874, alikuwa akiwaonyesha pia watu. Waliletwa Wasami kutoka kaskazini ya Ulaya, kisha watu wa Afrika, Asia na Amerika, wakawekwa kwenye vibanda mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio, wapike, wacheze ngoma na kulea watoto wao. Siku niliyokwenda walikuwepo watoto wa shule wakiwalisha ndovu karoti, wakicheka kwa furaha. Sikuwaonea uchungu, wao hawana kosa. Lakini nilijiuliza kama mwalimu wao angewaambia habari nzima kabla hawajapanda basi kurudi.

Yafaa nieleze namna mji huu ulivyokua, maana wengi wetu hudhani Hamburg ilikuwa hivi tangu zamani. La hasha. Altona, ambayo leo ni mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji, ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark kuanzia mwaka 1640 hadi 1864. Bergedorf ilimilikiwa kwa ubia na miji miwili, Hamburg na Lübeck, mpaka Hamburg ilipoununua upande wa mwenzake mwaka 1868. Altona, Wandsbek na Harburg pamoja na Wilhelmsburg ziliunganishwa na Hamburg kwa sheria ya mwaka 1937, wakati wa utawala wa Wanazi. Ndiyo maana ukimuuliza mzee wa Harburg anatoka wapi, anaweza kukujibu "Harburg" na akaishia hapo.

Wilhelmsburg ni kisiwa katikati ya mikono ya mto Elbe, ukivuka kusini mwa bandari. Ni mtaa wa wafanyakazi na wahamiaji. Nilisikia Kituruki kituoni, na dukani nikakuta ndizi za kupika. Nilijisikia niko nyumbani kuliko mahali pengine popote. Lakini kisiwa hicho kina msiba wake. Mwezi Julai 1943 ndege za Waingereza na Wamarekani ziliiteketeza sehemu kubwa ya Hamburg, na makumi ya maelfu ya watu wakafa kwa moto. Waliobaki bila makazi, pamoja na wakimbizi waliotoka mashariki, walijisitiri popote. Miaka ilipita, vita vikaisha, lakini wengi bado walikuwa wakiishi katika vibanda vya bustani kwenye mabonde ya Wilhelmsburg. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962, tufani ilisukuma maji ya bahari hadi mtoni, kingo zikapasuka. Katika Hamburg walikufa watu 315, zaidi ya 200 kati yao Wilhelmsburg peke yake.

Nawaomba wakazi wa Jangwani na bonde la Msimbazi wanielewe. Maji hayana ubaguzi, lakini mipango ya miji inao. Anayekufa kwa mafuriko, Ulaya au Afrika, mara nyingi ni yule aliyepewa kiwanja ambacho hakuna mwingine aliyekitaka.

Mzee wangu wa Tanga alikuwa ameniwekea safari mbili za mwisho. "Hizo," alisema, "zinakuhusu wewe."

Ya kwanza ilikuwa Bergedorf, mashariki, mwendo wa treni wa nusu saa hivi. Ni mji mdogo wenye ngome ya kale, na juu ya kilima iko taasisi ya chuo kikuu ya kuchunguza nyota, yenye kuba za darubini zilizozungukwa na miti. Huko ndiko ilikofichwa sanamu iliyowahi kusimama Dar es Salaam.

Sanamu hiyo ni ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye ofisa aliyeletwa kuvunja upinzani wa watu wa pwani ulioanza mwaka 1888, na katika vita vyake Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamishia sanamu Dar es Salaam: bwana mkubwa juu, mkono juu ya upanga, na chini askari Mwafrika akimtazama kwa macho yaliyoinuliwa. Vita vya kwanza vilipokwisha Waingereza waliing'oa, ikafika Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1919, na ndani yake kiliingia chuo cha makoloni cha mwaka 1908, kilichokuwa kikifundisha maofisa lugha zetu, Kiswahili kikiwemo. Wanafunzi walijaribu kuiangusha sanamu mwaka 1967. Mwaka 1968 wakaiangusha, na haikurudishwa pale tena. Ikapelekwa kuhifadhiwa Bergedorf, kwenye taasisi ya nyota.

Sikuiona sanamu yenyewe. Niliona miti, kuba na mbwa wa mtu akikimbiza mpira. Nilifikiri: mtu aliyesimamishwa ili atazamwe na Dar es Salaam nzima amemalizia safari kiungani, jirani na watu wanaotazama mbinguni. Ila askari wake naye yuko naye katika safari hiyo. Wao hawakumpa jina, nasi hatulijui.

Safari ya pili ilikuwa Jenfeld. Hakuna treni, nilishukia Wandsbek nikachukua basi. Jenfeld ni mtaa wa magorofa ya kawaida, watoto wanacheza mpira, akina mama wamebeba mifuko ya sokoni. Katikati yake iko iliyokuwa kambi ya jeshi iliyojengwa miaka ya 1930 na kuitwa kwa jina la Lettow-Vorbeck, yule jenerali aliyeongoza vita vya Wajerumani katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1914, akasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, mwezi Novemba 1918. Kando ya kambi iko bustani ndogo. Mwaka 2003 ilifunguliwa kwa jina la "Tansania-Park", na ndani yake limewekwa banda la Tanzania lililotumika katika maonyesho ya dunia ya Hannover mwaka 2000. Zimewekwa pia kuta mbili za udongo wa kuchoma zilizochongwa enzi ya Wanazi. Ukuta mmoja unaonyesha askari Waafrika wakiongozwa na ofisa Mzungu. Wa pili unaonyesha wapagazi.

Siku hiyo geti lilikuwa limefungwa. Nilisimama nje ya uzio, nikachungulia kati ya majani. Niliwaona wapagazi, mizigo kichwani, shingo zimenyooka, wakitembea bila kufika.

Msikilizaji, naomba niseme kwa nini nilikaa pale muda mrefu. Baba wa babu yangu alikuwa mkulima karibu na Masasi. Mwaka 1917, vita vilipokuwa vikisukumwa kuelekea mto Ruvuma, alichukuliwa shambani kubeba mizigo ya Wajerumani. Babu alikuwa mtoto anayetambaa. Mtu yule hakurudi. Hakuna barua iliyokuja, wala mjumbe, wala ujira. Babu aliishi akazeeka akisema maneno yale yale kila tulipokwenda kusafisha makaburi ya ukoo: "Mimi baba yangu sina pa kumwekea jiwe."

Hesabu ya wapagazi wa upande wa Wajerumani haikuandikwa sawasawa. Upande wa Waingereza, ambao walau waliandika, wanakadiriwa kufa zaidi ya wapagazi 90,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa. Sasa nilikuwa nimesimama katika kiunga cha Hamburg, nikitazama mpagazi wa udongo aliyechongwa ili kumpamba bwana wake. Hakuna aliyemchonga kwa ajili ya mwanawe aliyebaki Masasi akitambaa. Hata hivyo, ndilo jiwe pekee nililopata kuliona. Nilisoma dua yangu pale pale, kupitia uzio.

Usidhani narudi na lawama peke yake. Hamburg imekuwa jiji rafiki wa Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Mwaka 2014 chuo kikuu chake kilianzisha kituo cha kuchunguza mambo ya ukoloni wa mji ule. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji. Hayo ni mambo mema. Lakini radhi husemwa sebuleni. Ushahidi uko uani: Bergedorf, Jenfeld, Stellingen, nyuma ya mageti na miti. Siku geti la Jenfeld litakapokuwa wazi kila siku, na kibao kikaeleza habari za mpagazi kabla ya habari za jenerali, nitaamini kwamba nyumba nzima imefagiliwa.

Na sisi je? Nilirudi Dar es Salaam usiku. Kesho yake nikaenda Kariakoo kununua vitenge vya zawadi nilivyokuwa nimeahidi, maana Ulaya nilirudi mikono mitupu. Kondakta wa daladala alikuwa akipiga kelele, "Kariakoo, Kariakoo!" Nimelisikia jina hilo maisha yangu yote. Asubuhi ile ndipo lilipoingia masikioni kama jina la mtu. Kariakoo ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa vita vile. Nairobi nako wana Kariokor yao, kwa asili ile ile. Ile sanamu ya Askari katikati ya mji wetu, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowataja wapagazi pia, lakini tunapita tukikimbilia benki.

Nilimuuliza kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni uliojaa marobota kama anajua maana ya Kariakoo. Akafuta jasho, akanijibu, "Ni sokoni hapa, ndugu. Kupisha tafadhali." Nikampisha. Alikuwa amebeba mzigo, na mwenye mzigo alikuwa akimsubiri.

Wapenzi wasikilizaji, mji hujulikana kwa uani wake. Jumapili hii, mchukue mtoto wako, mpande daladala hadi mtaa ambao hamjawahi kufika, mkamuulize mzee wa pale jina lake limetoka wapi. Msiponijibu mimi, mtamjibu yeye siku atakapouliza.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.